Homa zisizo na jina na PhD zisizo na mlipaji

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kufika kituo cha afya wakiwa na homa kali, kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, na damu zinawatoka puani. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilizungumzia "ugonjwa wa ajabu". Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vyote vilirudi hasi. Wagonjwa walifika 20, watatu kati yao wakafariki. Kisha aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ugonjwa umejulikana: ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda, inayotokana na bakteria wanaosambazwa na mkojo wa wanyama, hasa panya.

Timu iliyokwenda Ruangwa ilifanya kazi kwa haraka na inastahili pongezi. Kinachonisumbua ni mshangao wetu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, watafiti wamekuwa wakiwatafuta bakteria hao kwenye panya na ng'ombe tangu miaka ya 1990, na aina moja iliyotengwa kutoka kwa ng'ombe wa Morogoro imeingia kwenye orodha za kimataifa kwa jina la Sokoine. Nchi iliyoipa dunia bakteria mwenye jina la Sokoine ilihitaji watu watatu wafe ndipo imkumbuke.

Na dalili zilikuwepo mapema zaidi. Kati ya 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Madaktari wa wodini waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Maabara ilipochunguza kwa makini, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na homa ya mgunda, chikungunya, homa ya Q, homa za kupe, brusela, na maambukizi ya bakteria kwenye damu. Karibu robo ya waliochunguzwa walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama. Matokeo hayo yalichapishwa 2013, miaka tisa kabla ya Ruangwa.

Hebu jiulize una ndugu wangapi waliorudi kutoka zahanati na jibu lile lile tunalolijua sote: "una malaria kidogo, na taifodi". Taifodi hiyo mara nyingi imepimwa kwa Widal, kipimo ambacho wataalamu wameonya kwa miaka mingi kwamba hakitegemeki. Mgonjwa anapewa dawa za aina mbili au tatu, anapona au haponi, na hakuna anayejua alikuwa anaumwa nini. Doksisaiklini, dawa ya bei nafuu inayotibu homa ya mgunda ikiwahiwa, iko kwenye kila duka la dawa. Tunachokosa ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni kujua homa hizi zinatoka wapi, zinampata nani, na msimu gani. Watu hao hutengenezwa katika masomo ya uzamivu (PhD), na ndiyo maana nataka tuyazungumze masomo hayo kwa uzito. Katika biolojia na afya ya jamii, PhD ni kazi ambayo taifa linaihitaji ifanyike. Sisi tumeigeuza kuwa cheo cha mtu binafsi, tukawaachia wageni bili yake.

Ili hoja ieleweke, tumtazame kwa karibu mwanafunzi mmoja wa kufikirika. Anataka kujua ni homa ngapi katika hospitali ya wilaya zinatokana na homa ya mgunda. Swali linaonekana dogo. Lakini hana kipimo cha haraka cha kuaminika cha kutoa kwenye boksi kama kile cha malaria. Kuwaotesha bakteria hao maabara huchukua wiki nyingi, pengine miezi mitatu, na mara nyingi hawaoti kabisa. Kipimo kinachoheshimika kinamtaka afuge leptospira hai wa aina nyingi, wakati mwingine zaidi ya 20, awahamishie kwenye chakula kipya kila baada ya muda, mwaka mzima, umeme ukatike usikatike. Kisha anachanganya seramu ya mgonjwa na kila aina, anainama kwenye darubini yenye mandhari meusi, na kutazama kama bakteria wale wembamba kama uzi wanashikana mafungu. Darubini hiyo anaishinda siku nzima, macho yakimwuma, kwa sampuli chache tu.

Na hapo hajafika hata nusu. Sampuli moja ya damu haitoshi. Anahitaji ya pili, wiki mbili hadi nne baadaye, aone kama kinga ya mwili imepanda. Wakati huo mgonjwa amesharudi kijijini. Simu haipatikani, nyumba iko ng'ambo ya mto, na ni msimu wa kupandikiza mpunga, kwa hiyo watu wamehamia kwenye vibanda vya mashambani, mle mle ambamo panya wamejaa. Mwanafunzi wetu lazima amjue mwenyekiti wa kitongoji. Lazima akae chini na mama mkwe wa mgonjwa amweleze kwa nini anataka damu kwa mara ya pili wakati mtu ameshapona, kwani uvumi wa mumiani haujafa katika nchi hii, na anayetembea na sindano na kijisanduku cha barafu anajua atatazamwaje. Akikosea kuongea, hapati sampuli, na bila sampuli ya pili kazi yote ya darubini inapoteza uzito.

Mwanafunzi huyo anahesabiwa mwanabiolojia au mtu wa afya ya jamii? Ni mtu mmoja na kazi ni moja. Bakteria, panya, mpunga, mvua, kibanda, daktari aliyeandika "malaria" na mama mkwe mwenye shaka wote wamo katika swali moja. Ukimtenga mtafiti maabara atakuletea jina la bakteria bila kujua nani yuko hatarini. Mwenzake ukimpa dodoso peke yake atakuletea asilimia za watu waliosema "niliumwa homa", ambazo hazitibu mtu.

Vyuo vyetu, kwa muundo wake, vinamlazimisha achague. Sayansi ya viumbe iko kwenye ndaki moja, afya ya jamii kwenye shule nyingine, na mara nyingi kwenye chuo kingine kabisa katika mji mwingine. Wa tiba wako Muhimbili, wa wanyama wako Morogoro, wanasayansi wa Mlimani wako Mlimani. Mwanafunzi anayevuka mipaka hiyo anajikuta na wasimamizi wawili ambao hawajawahi kukaa meza moja, kila mmoja akitaka tasnifu iandikwe kwa mtindo wa idara yake. Kisha zinafuata safari za vibali: kamati ya maadili ya chuo, kamati ya taifa chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa baadhi ya tafiti, barua ya mkoa, barua ya wilaya, na kama sampuli zinasafirishwa nje, mkataba wa kuhamisha sampuli. Sipingi vibali. Damu ya watu inastahili kulindwa, na kamati za maadili zimezuia mambo ambayo yasingepaswa kufanyika. Ila msururu huo unapokula miezi ya posho ya mwanafunzi, kuna mtu analipia gharama, na ni yeye.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu ndizo zinazoamua swali gani litaulizwa.

Historia yetu katika fani hii imejengwa kwa ushirikiano na wageni, na sioni sababu ya kuibeza. Mwaka 1957, chini ya Rudolf Geigy, taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Basel ilifungua maabara ndogo Ifakara, katika bonde la Kilombero. Maabara hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, inayoendeshwa na Watanzania. Wen Kilama, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1979, aliisomea jenetiki ya mbu Marekani, Chuo Kikuu cha Notre Dame, na kazi yake na George Craig kuhusu namna mbu wanavyorithi uwezo wa kubeba vimelea ilichapishwa 1969. Muhimbili imesomesha wahadhiri wengi wa uzamivu kwa msaada wa Sweden, wakigawanya muda kati ya Dar es Salaam na vyuo kama Karolinska na Umeå. Nairobi kuna mpango wa CARTA, ulioanza 2008, unaowalea wanafunzi wa uzamivu wa afya ya jamii kutoka vyuo kadhaa vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilifi, Kenya, kituo cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na mfuko wa Wellcome wa Uingereza kimekuwepo tangu 1989 na kimetoa watafiti wanaoongoza taasisi leo.

Matunda yake yanaonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa vyandarua wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uwezekano wa watoto wadogo kuishi kwa asilimia 27. Ushahidi huo ulisaidia kuzaa Hati Punguzo mwaka 2004, ile vocha ambayo akina mama wengi wa kizazi changu walipewa kliniki wakanunua chandarua kwa bei pungufu. Hapo utafiti uliofanyika kijijini ukawa sera ya nchi, na watoto wakaishi. Anayesema utafiti wa kitaalamu hauna faida kwa mwananchi wa kawaida aende Ifakara akaulize.

Lakini tuangalie kwa nini malaria ilipata bahati hiyo. Malaria ina wafadhili wakubwa duniani, ina mifuko, ina mikutano, ina majarida yake. Mwanafunzi anayetaka kusoma mbu atapata mlango wa kubisha. Yule wa homa ya mgunda, brusela au homa za kupe hana. Kwa hiyo kijana mwenye akili, aliyekulia kwenye boma akiona ng'ombe wanatoa mimba na watu wanaumwa homa zisizoisha, anaandika andiko la utafiti kuhusu mbu. Simlaumu hata kidogo. Ana familia, na posho iko kwenye mbu.

Wakati huo huo hali yenyewe inabadilika. Mwaka 2022 kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara kilikuwa kama asilimia 8. Kadiri malaria inavyopungua, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya homa wodini inavyokuwa ni kitu kingine. Huo ni ushindi unaotuletea maswali mapya, na maswali hayo mfadhili wa malaria hana wajibu wa kuyalipia.

Mwaka 2025 umetuonyesha upande mwingine wa utegemezi huu. Januari 20 serikali mpya ya Marekani ilisitisha misaada ya nje, na siku chache baadaye miradi ikapokea amri za kusimamisha kazi. Ifikapo Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa kama shirika linalojitegemea. Mpango wa tafiti za DHS, zile za kaya kuhusu idadi ya watu na afya, ambao ndio uliotupa ile asilimia 8 niliyoitaja hapo juu, ulisimamishwa kwa sababu sehemu kubwa ya fedha zake zilitoka huko. Tasnifu nyingi za uzamivu za afya ya jamii katika ukanda wetu zimeandikwa kwa takwimu za DHS. Mei 1, taasisi za taifa za afya za Marekani zilitangaza kwamba hazitatoa tena ruzuku zenye mgao mdogo, yaani sehemu ya ruzuku ambayo mpokeaji mkuu huipitisha kwa mshirika wake, kwa taasisi za nje hadi mfumo mpya uwekwe. Mgao huo mdogo ndio uliokuwa unalipa posho, vitendanishi na mafuta ya gari kwa wanafunzi wengi wa Kiafrika ambao majina yao hayakuwepo hata kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi.

Siku hiyo hiyo ya Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa anatangaza mlipuko wa pili wa Marburg mkoani Kagera, safari hii Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha Machi 13, ulikuwa na wagonjwa 2 waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa, na wote 10 walikuwa wamekufa. Virusi hao, wanaoishi kwa popo, wanahitaji mtu wa kuwafuatilia miaka yote, hata ile ambayo hakuna mlipuko na hakuna kamera. Mtu huyo ndiye mwanafunzi wa uzamivu, na baadaye ndiye msimamizi wa wengine.

Sisi tunamfanyia nini? Mara nyingi tunamwambia asome huku anafundisha. Mhadhiri msaidizi anajua hatapanda kuwa mhadhiri bila PhD, kwa hiyo anajiandikisha. Wiki yake ina vipindi, mitihani ya mamia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya kusahihisha, na vikao. Kazi ya maabara inasubiri likizo. Lakini bakteria hawasubiri likizo, wala mvua ya masika haiahirishwi mpaka matokeo ya muhula yatoke. Miaka mitatu au minne iliyoandikwa kwenye karatasi inakuwa sita, inakuwa minane. Anapotetea tasnifu, data zake zimezeeka, na anachokumbuka zaidi ni uchovu. Halafu anapewa cheo, anapewa uongozi wa idara, na utafiti unaishia hapo. Tunampigia makofi kwa kuitwa "Dokta" na hatumuulizi amegundua nini.

Sweden na Uholanzi, nchi ambazo tumepeleka watu wetu wengi kusoma, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa. Ana mkataba, ana mshahara, ana likizo ya uzazi, na ana muda wa kazi unaojulikana. Wenzetu wamemwona kuwa anazalisha kitu, wakamlipa. Najua hazina yetu si ya Stockholm. Lakini Afrika ilijiwekea lengo la kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti na maendeleo tangu Mpango wa Lagos wa 1980, na hatujalifikia. Mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, upo chini ya COSTECH tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo chombo tunacho. Kinachotakiwa ni kukijaza kila mwaka kwa kiasi kinachojulikana, bila kungoja kilichosalia baada ya kila kitu kingine.

Na uwezo wa kitaalamu hatuukosi pia, jambo ambalo wanasiasa wetu hawalisemi vya kutosha. Desemba 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyofanyika Bagamoyo, ambako watafiti wa Ifakara na NIMR, wakishirikiana na wenzao wa Imperial College ya London, waliwatengeneza mbu waliobadilishwa vinasaba humo humo maabara ya Bagamoyo, wakawajaribu dhidi ya vimelea vilivyotoka kwa watoto wa Kitanzania wenye malaria, na vimelea vikazuiwa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Ifakara na washirika wao walionyesha kwamba mbu aina ya Anopheles funestus wa Morogoro wamepata badiliko la vinasaba linalowapa usugu dhidi ya DDT, aina ya badiliko ambayo haikuwa imewahi kuonekana kwa mbu huyo. Hizi ni kazi za kiwango cha juu kabisa duniani. Zimefanyika katika mazingira yetu, kwa mikono ya vijana wetu, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wengine.

Ningependa kuona Wizara ya Afya na ile ya Mifugo zikikaa pamoja kila mwaka na kutangaza hadharani maswali 20 ambayo hazina majibu yake na zinayahitaji. Homa zisizo na malaria katika hospitali za kanda ziwe la kwanza. Kila swali lipewe nafasi mbili za uzamivu, zenye mshahara wa miaka minne kutoka hazina, wasimamizi wawili kutoka vyuo viwili tofauti, na hospitali ya wilaya inayompokea mwanafunzi kama mtumishi wake. Watu 40 kwa mwaka si mzigo wa kuangusha bajeti ya nchi. Wafadhili waje juu ya hapo, walipie mashine na mafunzo ya ziada, na wakiondoka swali libaki na mwenyewe. Sharti la kuchapisha makala lisiondolewe, ila liongezwe la kurudisha majibu: mganga mkuu wa wilaya asaini kwamba ameelezwa matokeo kwa lugha anayoitumia kazini, na watu wa kitongoji waliotoa damu waambiwe ilionyesha nini.

Kwa kijana anayefikiria njia hii mwaka huu, wakati mfumo bado ni huu tulio nao, ushauri wangu ni wa vitendo. Kabla ya kusaini, muulize msimamizi fedha zinatoka wapi na zinaisha lini. Muulize wanafunzi wake watatu wa mwisho walichukua miaka mingapi, kisha wapigie simu wao wenyewe. Ulizia sampuli zitahifadhiwa wapi na nani ana ufunguo wa friji. Omba barua kutoka chuoni inayosema nani atakulipa posho mradi ukisitishwa katikati. Na kama una swali lako mwenyewe, la boma lenu au la mtaa wenu, liandike hata kama halina mfadhili leo, ulipeleke kwa daktari wa wilaya na daktari wa mifugo wa pale pale, uone kama na wao wamekuwa wakijiuliza.